Aliyenivika Aje Anivue

Walimcheka. Hilo ndilo lililonichoma mimi kwanza, kabla ya mengine yote. Mwanamke mtu mzima kasimama kwenye lango la kiwanda pale Changamwe, jua la Machi linawaka hata lami inalainika, naye kavaa jaketi nene la baridi, zipu mpaka kidevuni, kofia ya jaketi kichwani juu ya mtandio. Madereva wa malori walipiga honi. Mmoja akatoa kichwa dirishani akauliza kama theluji imeanguka Mikindani. Watu wakacheka, wakapita, wakaenda kusimulia kwamba wameona mwendawazimu.

Mwendawazimu huyo ni wifi yangu, Mwanatumu. Na kwa kuwa waliocheka hawakuuliza, nitasema bila kuulizwa.

Mwanatumu alizaliwa Mtongwe, upande wa Likoni, katika watu wa mihogo na minazi. Akaolewa na kaka yangu Badi, akaja kukaa nasi Mikindani. Ni mtu wa maneno machache. Sisi wa nyumba ile tunasema mpaka mate yanakauka. Yeye husikiliza, akacheka kidogo, akaendelea kukuna nazi yake. Badi alipofariki, Mungu amrehemu, alimwachia watoto watatu na cherehani bovu. Eda ilipokwisha, Mwanatumu akaenda kusimama kwenye lango la kile kiwanda cha samaki pamoja na wanawake wengine, jina lake likaitwa, akaingia. Tangu siku hiyo ni kibarua. Mtoto wake mkubwa sasa ameota ndevu, na yeye bado ni kibarua. Kila asubuhi husimama pale kungoja kuitwa, kana kwamba jana hakuwepo.

Mimi nauza chai na mahamri ng'ambo ya lango hilohilo, kwa hivyo mengi ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu.

Watu wa mji huu hatuijui baridi. Tunajua joto. Tunalilalamikia, tunajipepea kwa pepeo la ukili, tunamwaga maji sakafuni tupate kulala. Ukimwambia mtu kwamba kuna wanawake hapahapa Changamwe wanaoumwa kwa sababu ya baridi, atakuona mwongo. Lakini ndani ya kiwanda kile mna chumba ambacho ukifungua mlango unatoka ukungu mweupe, na pweza na ngisi waliomo wamekuwa mawe. Wanawake huingia humo kupanga masanduku. Wakitoka, huja kwangu kushika kikombe cha chai tu, hata hawanywi kwanza. Vidole vinakuwa haviwezi kuvunja hamri.

Mwanatumu alijikinga kwa alichonacho. Sweta mbili za mitumba kutoka Kongowea, moja ya kiume. Leso moja kifuani, nyingine kiunoni, amezizungusha na kuzikaza kama mzazi aliyefungwa mkaja. Soksi za watoto mikononi, chini ya glavu za mpira. Magazeti ndani ya gambuti. Alipofika kazini Mbeyu, msichana wa Rabai mwenye mtoto anayenyonya, akawa anaingia chumbani mle na sweta moja nyepesi na kifua kinachokohoa, Mwanatumu alijifungua leso ya kiunoni akampa. Kesho yake alikuja na leso nyingine, kuukuu zaidi.

Na majaketi yapo! Hilo ndilo linalonitoa moshi. Yametundikwa kwenye ushoroba wa ofisi, ya buluu, mazito, kofia zina manyoya, nayo yamefunikwa nailoni yasiingie vumbi. Jaketi linakingwa na vumbi, mtu hakingwi na baridi. Nilipouliza ni ya nani, niliambiwa ni ya wageni.

Meneja wa pale ni Jafar. Angekuwa mtu wa mbali ningesema hajui desturi zetu, lakini ni mtoto wa Kisauni, kwao Frere Town, mamake Bi Nusaiba namjua, harusi tumecheza pamoja. Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu Jafar ana kifeni cha kuvaa shingoni, kile kinachokaa kama kola na kumpulizia mtu mashavu pande zote mbili, kwa kuwa kutoka ofisini kwake mpaka kwenye gari lake kuna jua. Simkatazi mtu kujipoza. Hata mimi, mbele ya jiko langu la mkaa, ningekipenda. Lakini mtu anayejua thamani ya upepo shingoni mwake mwenyewe hawezi kuniambia hajui baridi ni nini kwa mwenzake.

Masika ya mwaka jana Mwanatumu alishikwa na kichomi. Alilala chumbani kwangu, nikamsikia akipumua kama anayevuta maji kisimani kwa kamba fupi. Alipopata nafuu alikwenda ofisini kwa Jafar, akapiga hodi, akamsemesha kwa heshima.

"Mwanangu Jafar, naomba uniazime jaketi moja. Jioni nitaliacha papa hapa, silitoi nje."

"Bi Mwanatumu," akamjibu, "yale ni ya wageni na waajiriwa wa kudumu. Nikikupa wewe, kesho wote watataka."

Wote watataka! Kwani wote hawana vifua? Mwanatumu aliponisimulia nilitaka kuondoka na birika langu la moto nikamwone huyo bwana. Akanishika mkono. Akasema, "Wacha, wifi. Nguo ya kuazima haisitiri makalio." Akarudi kwenye magazeti yake na soksi zake.

Basi mwishoni mwa mwezi wa pili mwaka huu wakaja wageni, wanunuzi wa samaki kutoka ng'ambo, waliotaka kuona watu wanaowafungia pweza wao wanaishije kazini. Kiwanda kikapigwa deki mpaka kikanuka maua. Asubuhi hiyo majaketi yakavuliwa nailoni, yakaletwa uani kwa sanduku, wanawake wakaambiwa kila mtu achukue lake avae, apange foleni uani, atabasamu. Wakachukua, wakavaa, wakapanga foleni.

Mwanatumu hakuwepo. Alikuwa ndani ya chumba cha baridi akimalizia masanduku, na hakuna aliyekumbuka kumwita. Akatoka wakati wageni wote wamesimama uani na kamera zao, yeye na sweta zake mbili na leso zake, barafu imemshika kwenye nyusi, soksi za watoto zimechungulia kwenye glavu. Mgeni mmoja, mwanamke, akamwelekezea kidole na kuuliza mbona huyu hana.

Jafar siku hiyo alikuwa amevaa jaketi yeye mwenyewe, apate kuwazungusha wageni mle baridini. Akalivua. Akamwendea Mwanatumu mbele ya umma ule wote, akamwekea mabegani, akamwingiza mikono, akampandishia zipu kwa mkono wake. Akamshika bega, akawaambia wageni, "Huyu ndiye mama wa kiwanda chetu. Bila yeye sisi si kitu." Kamera zikalia. Na Mbeyu, aliyekuwa kwenye foleni, akapiga kigelegele, wenziwe wakampokea, hata mimi ng'ambo ya barabara nikavisikia nikadhani kuna posa.

Sasa, aliyezaliwa pwani hii hahitaji kuelezwa, lakini nitaeleza kwa ajili ya waliocheka. Nguo ukiivua mwilini mwako ukamvika mtu mbele ya watu, na vigelegele vikapigwa, nguo hiyo imekwenda. Harusi ngapi nimeona mtu akipandwa na furaha ya ngoma, akavua leso yake nzuri, akamtupia somo mabegani! Usiku roho inamuuma, lakini haendi kuidai. Hata wagombane na somo huyo mpaka waitane majina, leso haitajwi. Afadhali adai jino lake.

Kwa hiyo wageni walipoondoka na sanduku likarudishwa uani, wanawake wote walivua majaketi yao wakayatia sandukuni, kwa sababu waliyachukua wenyewe na wenyewe wakayarudisha. Mwanatumu hakuvua. Hakuna aliyemwambia avue, wala yeye mwenyewe hakuona pa kuvulia. Alikuwa amevikwa. Alitoka nalo mlango wa mbele, mchana kweupe, na Tsuma, bawabu wa langoni, akampa mkono wa hongera. Kama tulikosea, tulikosea sote, na kosa letu lilikuwa kuamini tulichokiona kwa macho.

Nyumbani nililifukiza udi. Majirani walikuja kuligusa. Jalila, binti yake mdogo, alilivaa likamfika magotini, akazunguka nalo sebuleni jasho likimtiririka, na mamake akacheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu Badi. Kesho yake alipotoka kazini alikuja moja kwa moja bandani kwangu, akanyoosha vidole vyake mbele ya uso wangu, akavikunja na kuvikunjua.

"Wifi," akaniambia, "yeo mkono huu nimeuhisi kuwa ni wangu."

Wiki haikwisha. Jumapili mchana ikaja hodi, na alikuwa Tsuma, amevaa shati la kanisani, anaikunja kofia yake mikononi. Tulimkaribisha, tukampa maji, akayanywa yote, akaomba mengine. Alipoishiwa na maji ya kunywa akasema.

"Nimetumwa, mama. Msinione mbaya. Ati lile jaketi lirudi kesho asubuhi. Lisiporudi, linaandikwa kuwa limeibwa."

"Limeibwa!" nikaruka mimi. "Na wewe hukuwepo langoni? Si ulimpa hongera kwa mkono huo huo unaoshikia gilasi yangu?"

"Nimewaambia. Wameniambia bawabu kazi yake ni lango, siyo maneno."

Mwanatumu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Aliuliza jambo moja tu.

"Hilo neno la wizi, Tsuma, amelitamka nani? Jafar mwenyewe?"

Tsuma akaangalia sakafu. "Mwenyewe, mama. Kasema, mwambie sitaki wevi kiwandani kwangu."

Jalila alikuwa mlangoni. Alisikia. Nilimwona akimtazama mamake, kisha akilitazama jaketi lililotundikwa nyuma ya mlango, na wallahi kama Jafar angekuwa mbele yangu saa ile, leo ningekuwa naandika haya nikiwa jela ya Shimo la Tewa. Mwanamke aliyepanga samaki wa watu miaka yote ile, ambaye mifuko yake ilipekuliwa kila jioni isionekane hata mkia wa ngisi, anaitwa mwivi mbele ya mwanawe kwa nguo aliyovikwa!

Tsuma alipokwenda zake nikamwambia wifi alilete, nilikate vipandevipande, niwapelekee kwenye karai. Akatikisa kichwa.

"Sikulitwaa kwa siri, na silirudishi kwa siri. Nikilikunja nikampa Tsuma langoni, nimekiri kuwa nimeiba. Aliyenivika ndiye atakayenivua. Palepale, na walewale wakitazama."

Nilimwelewa. Kumvua mwanamke nguo hadharani! Ndani ana sweta mbili na leso, sikatai, hakuna atakachokiona mtu. Lakini kumvika mtu ni kumtukuza, na kumvua ni kinyume chake. Hakuna mwanamume aliyelelewa huku asiyejua hivyo.

Ndiyo Jumatatu hiyo sasa. Majina yaliitwa, lake lilirukwa. Wanawake wengine hawakuingia. Walisimama pembeni kwa makundi, nusu wanaogopa, nusu wanataka kuona. Mwanatumu alisimama katikati ya lango na jaketi lake, akamwambia Tsuma, "Kamwambie Jafar amana yake imefika. Nataka aje aitwae."

Msimamizi mmoja akatoka, akamwamuru Tsuma amvue. Tsuma aliweka rungu lake chini.

"Huyu ni mama wa watu," akasema. "Simgusi. Ukitaka kunifukuza, nifukuze."

Basi tukangoja. Jua likapanda. Ndio malori yalipopiga honi, ndio yule mjinga akauliza habari za theluji. Jasho lilimtoka Mwanatumu kwenye nyusi, likamwingia machoni, hakulipangusa. Nilimpelekea maji nikamwambia afungue zipu kidogo tu, apate hewa. Akanywa maji, zipu akaiacha. Niliwaza kifua kile chenye kichomi, kilichookwa sasa baada ya kugandishwa, nikahisi hasira mpaka meno yakaniuma.

Hatimaye Jafar akatoka. Na kifeni chake shingoni! Kinavuma viiii, nywele za masikioni zinapepea. Nilidhani namwona vibaya kwa jua.

"Bi Mwanatumu, mbona unatutia aibu barabarani?"

"Mimi sina aibu, baba. Nimekuya kukurudishia kitu chako."

"Basi livue ulilete."

"Sikulivaa mwenyewe. Ulilivua mwilini mwako ukanivika, hawa wakaona, wageni wako wakaona. Ikiwa lilikuwa zawadi, sema, niende kazini. Ikiwa halikuwa zawadi, livue kama ulivyolivika. Nimesimama, sikimbii."

Jafar akatazama huku na huku. Akaona wanawake. Akaona simu zimeinuliwa. Malori nayo yalikuwa yamenyamaza, kwa sababu hata dereva anajua pale ambapo mzaha umekwisha. Hapo mimi nikashindwa kujizuia.

"Jafar! Mama hajambo? Alhamisi tuna kupaka hina kwa kina Sumeya, tutakaa mkeka mmoja. Nimwambieje? Nimwambie mwanao hajambo, nimemwacha Changamwe anavua wanawake?"

Akaugeuza uso usinielekee. Akasogea, akanyoosha mkono. Mungu shahidi yangu, mkono ule ulifika kwenye zipu, vidole viwili vikaishika. Mwanatumu hakurudi nyuma. Alimtazama tu, jasho likimdondoka kidevuni likimwangukia Jafar mkononi. Kile kifeni tulikisikia sote.

Akauvuta mkono wake.

"Nenda nalo," akasema, kwa sauti ya chini. "Nenda nalo, lakini hapa usirudi. Jina lako halitaitwa tena."

Akarudi ndani na upepo wake.

Wapo wanaoniambia wifi yangu alishinda. Video ilizunguka mpaka Miritini, watu walinipigia simu kunipa pongezi. Pongezi za nini? Jafar hakusema samahani. Neno mwivi hakulirudisha. Majaketi mengine bado yako chini ya nailoni, na wanawake bado wanaingia kwenye ule ukungu na leso. Mwanatumu ameachiwa jaketi la baridi katika mji usiokuwa na baridi, na baridi ya kumpa ugali imefungiwa ndani. Huo ndio ushindi wa mnyonge: anapewa haki yake siku anayonyang'anywa pa kuitumia. Mimi sishangilii. Nikimwona Jafar anapita na gari lake, hamri likiwa mkononi mwangu, naliponda.

Mtu mmoja wa malori ya kwenda Kinangop, kule bara kwenye baridi, alitaka kulinunua. Mwanatumu alikataa. Nilikasirika hata naye, kwa maana unga ulikuwa umekwisha ndani.

Jana alfajiri nimepanga vikombe vyangu, nikamwona anakuja na jaketi mkononi, limekunjwa vizuri, linanukia udi. Wanawake walikuwa wameshakusanyika langoni. Hakunisalimu mimi. Aliwaendea wao.

"Mbeyu!"

"Abee, mama."

"Ndoo."

Mbeyu akaja, anakohoa ndani ya kiganja, maziwa ya mtoto yamemlowesha sweta. Mwanatumu akalikunjua jaketi. Akalivaa kwanza yeye mwenyewe, akafunga zipu, watu wote wamwone nalo mwilini. Kisha akalivua. Akamwekea Mbeyu mabegani, akamwingiza mkono mmoja na wa pili, akampandishia zipu mpaka kidevuni, akamsawazisha manyoya ya kofia.

"Nimekuvika mimi, na hawa wameona," akasema kwa sauti iliyofika ofisini. "Akilitaka mtu, aje akuvue wewe."

Kigelegele cha kwanza kilikuwa changu, na mikono imejaa unga. Wengine wakanipokea. Pazia la ofisi likasogea, likasimama, likarudi mahali pake. Tsuma akakohoa, akafungua karatasi yake, akaanza kuita, na jina aliloanza nalo lilikuwa la Mbeyu. Mbeyu akapita langoni na jaketi lake, hakuna aliyemgusa.

Mwanatumu alivuka barabara akaja kukaa kwenye benchi langu. Nikampa chai. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, kama wanavyokishika wale wanaotoka kule ndani, ingawa jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Majina yakaendelea kuitwa, na yeye akakaa pale akayasikiliza yote, mpaka la mwisho.